Mashine Inayoshona

Kosa la mume wangu linajulikana mtaa mzima, kwa sababu alilipaka rangi mwenyewe juu ya mlango wa kibanda chake: MASHINE INAYOSHONA HAIFUNGULIWI. Herufi nyekundu, kila moja kubwa kama kiganja. Yeye ni fundi wa vyerehani, na hiyo ndiyo sheria ya kazi yake. Ukimpelekea cherehani kilichokwama, atakifungua mpaka skrubu ya mwisho, na kitarudi kwako kikiwa laini kuliko ulivyokinunua. Lakini ukimpelekea kinachoshona, ukamwambia tu kwamba kina mlio usioupenda, atakufutia vumbi, atakitia matone mawili ya mafuta, kisha atanyoosha kidole kuelekea mlangoni ili usome. Ndiyo maana wateja walimpa jina la Mafuta.

Sheria yenyewe aliirithi kwa mjomba wake aliyemfundisha kazi. Mjomba huyo aliwahi kuifungua mashine ya mteja iliyokuwa haina neno, akitaka tu kujua kwa nini inavuma, na akashindwa kuirudisha ilivyokuwa. Ikawa inaruka mishono, na mteja alikuwa na gauni la bibi harusi mezani. Mjomba aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini kila akikaa na wanafunzi wake alilitaja lile gauni.

Mimi ni mshonaji. Tulikutana kwa sababu ya cherehani, na alinitamkia kwamba ananipenda akiwa chini ya meza yangu anakaza mkanda, nikawa simwoni uso. Sasa tuna mapacha watu wazima, mmoja ameoa na mwingine ameolewa, wote wako mbali, na sisi tumebaki wawili tukigombana kwa sababu ya cherehani hichohicho. Kinagonga. Nikiharakisha kwenye mshono mrefu nakisikia ndani, upande wa sindano: tak, tak-tak, tak. Kwa miaka kumi na moja nimemwambia.

"Kinashona?" huniuliza.

Nakubali kwamba kinashona.

"Basi."

Matone mawili, huyo anaondoka. Hebu fikirieni, mtu ameolewa na fundi halafu anakaa na mashine inayogonga.

Na mimi nina kosa langu, nalisema mapema ili asije akalisema yeye. Siku ile, saa tatu asubuhi, nilikuwa nakata suruali ya mteja. Mume wangu akaingia kutoka kibandani, kwa mkono wa kulia ameukumbatia wa kushoto kama anabeba mtoto mchanga.

"Mama mapacha, jana tulikula nini?"

"Ulichokula wewe ndicho nilichokula mimi."

"Na wewe hujambo?"

"Mimi sijambo, ila nina kazi."

Akakaa. Akasema kifua kinambana na taya linamuuma. Nikadhani jino, nikamwambia anywe maji ya vuguvugu apumzike, nami nikaendelea kukata. Ndilo kosa lenyewe. Suruali ya watu ilikamilika mguu mmoja na nusu huku mume wangu akilowa jasho nyuma yangu, na ningemaliza mguu wa pili kama wifi yangu asingeingia.

Wifi ni dada yake mkubwa, nyumba yake na yetu zinatenganishwa na ukuta mmoja, na kubisha hodi alishaacha zamani. Alisimama mlangoni akamtazama mdogo wake.

"Wifi," akasema, "umemwangalia huyu mtu usoni?"

Nikageuka. Uso ulikuwa na rangi ya majivu. Kuanzia hapo sikumbuki mengi, ila kwamba wifi alilipata gari la jirani kabla sijapata viatu, na mkasi nilifika nao hospitali.

Walimlaza, wakambandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi ya mistari. Daktari aliyeisoma alikuwa mwanamke mfupi, sauti ya chini, kalamu ameichomeka nyuma ya sikio kama seremala. Hakuzunguka mbuyu.

"Mama, baba ana shambulio la moyo. Mshipa mmoja unaoulisha moyo umeziba. Kila dakika inayopita, kipande cha moyo kinakufa. Nahitaji sahihi yako sasa hivi."

Nikatia sahihi. Jina langu likatoka kama la mtu mwingine. Mimi na wifi tukakaa kwenye benchi la ukumbini, yeye akisali, mimi nikihesabu vigae vya sakafu.

Baada ya saa moja na kitu yule daktari alitoka, bado amevaa aproni nzito ya kumkinga na mionzi. Akakaa katikati yetu, akachomoa kalamu na kuchora kwenye kikaratasi kitu kama embe lililolala. Juu yake akapitisha mistari mitatu.

"Huu ndio moyo, na hii ndiyo mishipa yake mikubwa. Huu wa kulia ndio uliokuwa umeziba. Tumepita na waya mwembamba kwenye kifundo cha mkono mpaka hapa, tukautanua kwa puto dogo, tukaacha ndani kijibomba cha wavu wa chuma kiushikilie. Damu inapita. Maumivu yameisha."

"Mungu mkubwa," wifi akasema.

"Lakini tulipokuwa ndani tumeiona na hii mingine." Akatia alama mbili kwa kalamu. "Huu wa mbele umebanwa sana, njia iliyobaki ni ndogo, chini ya robo. Huu wa pembeni umebanwa kama nusu na kidogo."

Mimi nikiogopa huwa nakasirika. Nimezaliwa hivyo.

"Sasa kama mlikuwa humo ndani na waya mnao, kwa nini hamkuifungua yote? Mtu anakuja kwangu suruali imechanika mara tatu, nishone sehemu moja nimwambie aende?"

Wifi alinifinya paja. Daktari hakuudhika.

"Kuna wagonjwa tunawafungulia yote siku hiyohiyo. Kuna wengine mishipa yao imebanwa vibaya kiasi kwamba tunawapeleka kwa wapasuaji. Mume wako alikuwa amechoka, mama. Presha ilikuwa chini, na ile dawa tunayoingiza ili tuione mishipa inaziumiza figo ikizidi. Leo tumeokoa maisha. Arudi kabla wiki sita hazijaisha, tufungue huu wa mbele. Wa pembeni tutaupima kwa waya wenye kipimo. Kama damu inapita vizuri, tutauacha."

Akanipa kile kikaratasi. Nikakikunja nikakiweka kwenye sidiria, mahali ninapoweka vitu nisivyotaka vipotee.

Siku ya nne walimruhusu. Muuguzi alimsomea masharti: dawa hizi asubuhi, hizi jioni, asiache hata siku moja, sigara asiguse, chumvi kidogo, apunguze mafuta. Wifi aliposikia Fundi Mafuta anaambiwa apunguze mafuta, alicheka mpaka akaushika ukuta, na mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka bila kujua anacheka nini. Mume wangu peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa anamsubiri daktari.

"Daktari, huo mshipa wa mbele utaziba lini?"

"Sijui, baba. Unaweza kuziba wiki ijayo, unaweza kukaa miaka kumi, unaweza usizibe kabisa. Ninachojua ni kwamba wanaouacha hivyo, wengi zaidi wanarudi kwetu na shambulio jingine kuliko waliofunguliwa."

Mume wangu alisikia neno la kwanza tu. Tulipofika nje akaniambia kwa furaha kabisa, "Umemsikia? Mwenyewe hajui."

Nyumbani alikuwa mgonjwa mzuri. Dawa alizipanga kwenye kisahani anachowekea skrubu, akazimeza kwa saa. Alitembea asubuhi na jioni. Wiki ya tatu alifungua kibanda, wiki ya nne akawa anapiga mluzi, na rangi yake ilirudi mpaka wateja wakawa wananipongeza mimi kana kwamba nimemshona upya. Nami nilifurahi, kwa nini niseme uongo? Lakini kila nikivua nguo kikaratasi kinaniangukia mguuni, na mstari wa mbele una alama yake.

Nilipomtajia miadi, alisema, "Mashine inashona, mama mapacha."

"Wewe si mashine."

"Kweli. Mashine ukiikosea unamlipa mwenyewe nyingine."

Wifi naye akamuunga mkono. Huyu aliyesali benchini! "Wifi, mtu mzima kabisa unataka akachokonolewe?"

"Si wewe uliyeniambia nimwangalie usoni?"

"Ndiyo, na sasa mwangalie. Ana rangi kuliko wewe."

Wiki ya tano nilimkalia kooni. Nilisema maneno ambayo siyarudii hapa, nikayaongeza na ya mjomba wake na lile gauni. Alisubiri nimalize. Kisha akasema taratibu, akitazama mikono yake:

"Wewe hukuwepo mle ndani. Mimi nilikuwa macho. Hawakulazi usingizi, wanakutia ganzi mkononi tu. Kuna kioo kikubwa kama televisheni, na moyo wangu uko pale. Unapiga, na kuna mtu ameingiza waya ndani yake. Unapiga hivyohivyo, na waya unatikisika."

Kumbe haikuwa sheria ya mjomba. Ilikuwa hofu, imejificha nyuma ya maandishi mekundu, na mimi mke wake wa miaka yote hii sikuijua. Nilimwonea huruma. Hofu yangu mimi ilikuwa ni kulala naye kitandani, sikio mgongoni mwake, nikisikiliza.

Siku ya miadi aliamka kabla yangu akaenda kujifungia kibandani. Niligonga. Akajibu kutoka ndani kwamba ana kazi ya mteja ya haraka. Nikaenda hospitali peke yangu, nikakaa kwenye foleni ya wagonjwa wa moyo nikiwa na moyo mzima, na lilipoitwa jina lake nikaingia mimi.

"Baba yuko wapi?" daktari akauliza.

Nikamweleza yote: sheria, mlango, herufi nyekundu, mjomba. Alianza kucheka, kisha kicheko kikamkauka. Akachomoa kalamu sikioni akaiweka mezani.

"Mama, nikuambie kitu. Na sisi tulikuwa na sheria hiyohiyo. Nilipokuwa mwanafunzi tulifundishwa hivi: mtu akija na shambulio, fungua mshipa ulioziba, mingine usiiguse. Ametoka kunusurika, usimchokoze. Haikuwa ujinga. Vifaa havikuwa hivi vya leo, na kuna watu waliumia kwa kuguswa pasipostahili. Nilikuwa naamini kabisa."

"Ikawaje?"

"Wagonjwa wakafuatiliwa kwa miaka. Hawa wamefunguliwa ule mmoja, hawa wamefunguliwa yote. Ikaonekana tulikuwa tunakosea." Akaitazama kalamu. "Nilikuwa na mgonjwa, dereva. Mcheshi sana. Nilimfungulia mmoja nikamwambia aende nyumbani, hiyo mingine isimtie wasiwasi. Nilifuata sheria."

Nilimsubiri amalizie hadithi ya dereva. Hakuimalizia. Akavuta daftari la miadi.

"Namwekea nafasi Alhamisi, ndiyo ya mwisho ndani ya hizi wiki sita. Lakini usimburute, mama. Mtu aliyeburutwa hatulii pale mezani, na mimi nahitaji atulie. Aje mwenyewe."

Siku ile ilikuwa Jumatatu. Jumanne nilimwambia mume wangu habari ya Alhamisi, nikamwambia na ya dereva. Akasema, "Pole yake," akaendelea kula. Jumatano mchana nilikuwa nashona pazia, mshono mrefu, na cherehani kikaanza: tak, tak-tak, tak. Nikaondoa mguu kwenye pedali. Nikakaa pale nikikitazama kile chuma kama vile ndiyo mara ya kwanza nakiona.

Nilimwita wifi. Tukakifungua kichwa cha cherehani kutoka mezani, tukakibeba wawili mpaka kibandani, yeye akilalamika mgongo njia nzima. Nikakitua mbele ya mume wangu.

"Kifungue."

"Kinashona?"

"Kinashona. Kifungue chote. Ukikuta ndani ni safi, hospitali sitaitaja tena mpaka nife. Ukikuta kuna ubovu, kesho asubuhi tunakwenda."

"Wifi!" dada yake akapiga kelele. "Unamchezea kamari kaka yangu?"

"Ni mdogo wako, na ni mume wangu. Nimesema."

Mume wangu alijua mimi nikila kiapo sikitapiki. Akapangusa mikono kwa kitambaa, ingawa ilikuwa mikavu.

"Na nikishindwa kukirudisha?"

"Nitashona kwa mkono."

Akatandika kitambaa cheupe mezani, akatufukuza. Hapendi kutazamwa akifanya kazi. Tulikaa nje kwenye benchi la wateja, chini ya yale maandishi, na kutoka ndani tukasikia skrubu zikidondoka kisahanini, moja moja. Baadaye hazikusikika tena. Kimya kilikuwa kirefu mno. Wifi akataka kuingia, nikamshika kanga. Kisha tukasikia nyundo ndogo, na bisibisi, na droo ya vipuri ikifunguliwa na kufungwa. Droo hiyo anaifungua mara mia kwa siku, kwa hiyo sikuitilia maanani.

Alitoka baada ya saa mbili. Alikuwa anajifuta vidole, kimoja kimoja, na hakunitazama.

"Safi," akasema.

Wifi alipiga makofi. Nilikuwa nimeichukua roho ya mume wangu, nikaiweka juu ya cherehani, nikashindwa. Na kwa mdomo wangu mwenyewe! Ningefanya nini, nimpigie magoti baada ya kuapa mbele ya dada yake? Tulikirudisha kile kichwa nyumbani, nikakifunika shuka bila kukifunga mezani. Chakula nilipika, sikukila. Yeye alikula polepole, akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo halijatokea tangu mapacha wazaliwe, na mimi nilikuwa na hasira kiasi kwamba hata hilo halikunishtua.

Asubuhi nilipotoka chumbani, amesimama mlangoni. Amenyoa ndevu, amevaa shati la bluu nililomshonea mwenyewe, faili la hospitali kwapani.

"Unasubiri nini?" akaniuliza.

"Tunakwenda wapi?"

"Si umesema Alhamisi?"

Nikafungua mdomo. Nikaona nikiuliza neno moja zaidi nitaharibu, nikaufunga. Njiani alinishika mkono, na kiganja chake kilikuwa na jasho.

Walimchukua saa nne. Walipomwingiza, nilimwona kupitia mlangoni anamwambia daktari kitu, na daktari akageuza kile kioo kikubwa kielekee upande mwingine. Mlango ukafungwa. Muuguzi akaniletea nguo zake ndani ya mfuko. Mimi siwezi kukaa na nguo iliyokunjwa ovyo, hata siku hiyo. Nikalitoa shati nikunje upya, nikahisi mfuko wa kifuani una uzito.

Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe kimeviringishwa. Nikakifungua. Kilikuwa kipande cha chuma kidogo kama kidole gumba, chenye matundu mawili. Miaka yote hii nikimpelekea chai kibandani nimejifunza vitu vyake. Ni kile kiungo kinachoishika fimbo ya sindano, inayopanda na kushuka. Nikakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kuanzia tundu moja kwenda la pili kulikuwa na ufa, umekaribia kuvuka wote. Kipande kilichobaki kizima kilikuwa chembamba kama uzi.

Nilikifunika haraka kwa kiganja, utadhani kuna mtu anataka kuninyang'anya. Nikalia pale benchini, na muuguzi akaja mbio akidhani nimepewa habari mbaya.

Daktari alitoka mapema kuliko mara ya kwanza, tena anatabasamu.

"Ule wa mbele tumeufungua, umekubali vizuri. Wa pembeni tumeupima. Damu inapita, kwa hiyo tumeuacha, dawa zitatosha. Lakini huyu baba! Nimemwambia nauacha, akaniuliza, 'Kwa sababu unashona?' Nikamwambia, ndiyo, kwa sababu nimeupima na unashona."

Nilimkuta amelala, mkono umefungwa bendeji kwenye kifundo, rangi yake ni yake. Nikavuta kiti. Nikakiweka kile chuma kwenye kiganja chake kizima, nikamkunja vidole.

"Safi?" nikamuuliza.

Alifumba macho. "Dada alikuwa amekaa pale nje. Ulitaka nikiri mbele yake? Angenicheka mpaka kaburini." Akageuza kile chuma kiganjani. "Na nilitaka nije mwenyewe. Si kwa sababu nimeshindwa kamari."

"Kingekatika lini?"

"Sijui," akasema. "Kingeweza kukatika wiki ijayo, uko kwenye mshono mrefu, ile fimbo ikachomoka na sindano yake ikakuangukia vidoleni. Kingeweza kukaa miaka kumi, kingeweza..."

Akaishia hapo. Nadhani alijisikia mwenyewe. Alifumbua macho akanitazama mikono, vidole vyangu vyote kumi, na machozi yakaanza kumtoka. Sijawahi kumwona mume wangu akilia, hata mama yake alipofariki.

"Miaka kumi na moja unaniambia," akasema. "Miaka kumi na moja, na mimi nakutilia mafuta."

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari. Ni mimi huyu, kwa hiyo yalikuwa mengi na yamenolewa. Nikayatafuta nisiyaone. Nikakumbuka suruali ya mguu mmoja na nusu, na maji ya vuguvugu. Nikamfuta machozi kwa pindo la lile shati la bluu, yeye ananitazama tu.

"Umekishonea tangu jana?" akaniuliza baadaye.

"Hata shuka sijaifunua."

"Kajaribu, nimekitilia kiungo kipya. Tia uzi, vuta mshono mrefu, kanyaga kwa nguvu." Alikibana kile chuma kwenye ngumi yake. "Ukikisikia kinagonga, niambie. Nitakifungua."